Mapigo ya Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu: Yanasema Nini, Nasi Tufanye Nini

(Mazungumzo ya wakunga wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi si mchezo. Tulianza kwa kuchangia kidogo kidogo, na wako waliotucheka wakisema kikundi cha wanawake hakitafika mavuno ya kwanza. Leo tunakula pilau ya mwaka wa kumi, na baadhi ya waliocheka wamo humu humu, wanachama wazuri kabisa.

Kamati ya sherehe ilipotuomba sisi wakunga wawili wa zahanati, ambao pia ni wanachama, tuzungumzie jambo la afya, wengi walidhani tutasema habari za vyandarua na uji wa lishe. Hayo ni mambo mazuri na tumekwisha kuyasema sana. Leo tumechagua jambo ambalo hatujawahi kuwaeleza sawasawa, na kutolieleza kulitugharimu. Nalo ni mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, wakati mama yuko katika uchungu.

Swali tulilolikosea jibu

Wengi wenu mnaukumbuka usiku ule wa mwaka 2019. Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tusimulie bila kumtaja jina, alikuja zahanati na uchungu wa mimba yake ya tatu. Mambo yalikwenda vizuri hadi saa nne usiku. Tulipomsikiliza tena tukakuta mapigo ya mtoto yanashuka kila uchungu unapoachia, yanafika 100, kisha yanapanda polepole mno. Tukamgeuza alalie ubavu, tukahesabu tena. Hali ikawa ile ile. Tukawaambia ndugu zake kwamba lazima aende hospitali ya wilaya.

Mama mkwe wake, mtu mwenye busara na anayempenda sana mkwewe, akatuuliza: "Wanangu, mapigo mnayasikia au hamyasikii?" Tukasema tunayasikia. Akasema: "Basi mtoto yu hai. Safari ya nini usiku wote huu?"

Jamani, hatukuwa na jibu. Tulijibu harakaharaka, kwa maneno ya kazini, naye akaona tunamtisha. Mpaka wakakubali, muda ulikuwa umekwenda. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine. Mwenye gari wa hapa akataka fedha ya mafuta kwanza. Fedha zilikuwepo, tena za kutosha, katika mfuko wetu wa jamii, ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu. Wenye funguo wawili walipatikana mara moja. Wa tatu alikuwa msibani, kijiji cha pili. Gari liliondoka saa saba kasoro robo. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, na hakulia.

Hatuyasemi haya kumlaumu mtu. Mama mkwe aliuliza swali ambalo kila mwenye akili angeuliza. Mwenye ufunguo alikwenda kuzika. Kufuli tatu tuliziweka wenyewe, kwa sababu nzuri tunayoijua sote. Lakini tangu usiku ule tunadaiwa jibu, na leo tumekuja kulipa deni hilo.

Akiba ya mtoto

Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa safi anaipata katika damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Uchungu unapokuja, mfuko wa uzazi hukaza, na mishipa ipelekayo damu kwenye kondo hubanwa. Kwa muda ule mtoto hupata hewa kidogo. Uchungu ukiachia, damu hupita tena.

Sisi wana kikundi tunaielewa lugha ya akiba. Kila uchungu ni kama kutoa fedha katika akiba ya mtoto, na kila mapumziko ni kama kuweka. Mtoto mwenye afya huingia katika uchungu na akiba nono. Atatoa na kuweka usiku kucha, na asubuhi atalia vizuri. Lakini mtoto aliyekonda tumboni, au ambaye mama yake ana shinikizo la damu au upungufu mkubwa wa damu, huenda akaanza na akiba ndogo. Aidha, uchungu ukija mfululizo bila kupumzika, zaidi ya mara tano katika dakika kumi, hata mwenye akiba nono ataishiwa, maana anatoa bila kuweka.

Akiba inapopungua, moyo ndio unaotoa taarifa. Kwa hiyo jibu la mama mkwe lilikuwa hili: moyo unaopiga unatuambia kwamba mtoto yu hai sasa, namna unavyopiga ndiyo inayotuambia kama atakuwa hai baada ya saa moja.

Jinsi tunavyosikiliza

Mmeiona ile pembe yetu, mdomo mmoja mpana na mwingine wa kuwekea sikio. Ilitengenezwa na daktari wa Kifaransa aitwaye Adolphe Pinard mwaka 1895, na hadi leo inafanya kazi bila umeme wala betri. Tunapapasa kwanza tumbo tujue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa kuwa sauti husikika vizuri pale mgongoni. Siku hizi tuna pia kifaa kidogo cha Dopla, ambacho mama mwenyewe anaweza kusikia sauti yake. Lakini chaji ikiisha tunarudi kwenye pembe.

Mtatuona tumeshika na mkono wa mama. Wengine hudhani ni kumfariji tu. Ni kumfariji, lakini pia tunahesabu mapigo yake yeye. Moyo wa mama mwenye uchungu unaweza kwenda mbio hata tukadhani ndio wa mtoto. Mkunga akikosea hapo, anaweza kuandika kwamba mtoto ni mzima kumbe alikuwa anamhesabu mama.

Tunahesabu dakika nzima. Tunaanza wakati uchungu umekaza, na tunaendelea angalau nusu dakika baada ya kuachia, kwa sababu hapo ndipo penye habari. Uchungu ukishakolea tunasikiliza kila baada ya nusu saa, au mapema zaidi ya hapo. Mama akianza kusukuma, ni kila dakika tano. Kila tunachohesabu tunakiandika katika chati.

Sasa tusikilizane. (Hapa tuligonga meza, na akina mama wakahesabu pamoja nasi.) Hivi, zaidi kidogo ya mara mbili kwa sekunde, ni mapigo 140. Huyo ni mtoto aliyetulia. Hivi, mbiombio kama cherehani, ni 180. Na hivi, mmesikia? Ni 90. Karibu sawa na moyo wa mtu mzima aliyetoka kisimani. Kwa mtoto tumboni hiyo ni pole mno.

Tunachokisikia na maana yake

Kipimo cha kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Ndani ya hapo hupanda na kushuka kidogo, hasa mtoto anapocheza. Kupanda kwa muda mfupi na kurudi ni dalili njema, ni kama mtu kuitika anapoitwa.

Yakikaa juu ya 160, tunamtazama mama kwanza. Ana homa? Amekauka maji mwilini kwa kutokunywa tangu asubuhi? Chupa imepasuka tangu jana, na maambukizi yameingia? Mara nyingine tukimnywesha maji na kutibu homa, mapigo hushuka yenyewe. Mara nyingine mtoto ndiye anayeanza kuhangaika.

Yakishuka chini ya 110, tunauliza: yameshuka lini, na yamerudi lini? Swali hili la lini ndilo kubwa kuliko yote. Kuna kushuka kunakoanza pamoja na uchungu na kwisha pamoja nao. Mara nyingi ni kichwa cha mtoto kinachobanwa kikipita njiani, na peke yake hakututii hofu. Kuna kushuka kwa ghafla, wakati wowote, na kurudi kwa ghafla. Hicho mara nyingi ni kitovu kimebanwa, na kumgeuza mama huweza kusaidia. Chupa ikiwa imepasuka tunaangalia pia kama kitovu kimetangulia mbele ya mtoto, maana hiyo ni dharura kubwa.

Halafu kuna kushuka kunakochelewa. Uchungu umeanza kuachia, mama anavuta pumzi, na ndipo moyo wa mtoto unateremka, kisha unajikokota kurudi. Ukisikia hivyo katika uchungu mmoja baada ya mwingine, mtoto anasema: nimetoa, na sijaweza kuweka. Ndicho tulichokisikia usiku ule.

Mwisho kuna kushuka na kubaki huko huko. Yakikaa chini dakika tatu bila kupanda, mmoja wetu anabaki na mama na mwingine anapiga simu. Huenda kondo limebanduka, au mfuko wa uzazi umechanika, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Hapo hakuna kikao.

Ishara si hukumu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Wapo akina mama tuliowapeleka hospitali kwa sababu ya mapigo, na mtoto akazaliwa akilia kwa nguvu, ndugu wakasema tumewasumbua bure. Hatukuwasumbua bure. Moyo unatuambia kuwa hatari ipo. Hautuambii kwa hakika nani ataumia. Kwa hiyo hatusomi mapigo peke yake. Tunatazama pia rangi ya maji. Yakiwa ya kijani mazito, mtoto amejisaidia ndani. Tunatazama damu, homa, shinikizo, na kama njia inafunguka.

Tukisikia mabadiliko, yapo ya kufanya hapo hapo. Tunamtoa mama kulala chali, kwa sababu uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa wa damu. Tunamlaza kwa ubavu, hasa wa kushoto. Kama kuna dripu ya kuongeza uchungu, inafungwa. Tunatibu homa, tunapima njia, tunaandaa vifaa vya kumpumulisha mtoto. Mapigo yakitengemaa tunaendelea kwa macho makali. Yasipotengemaa, ni rufaa, kwa sababu zahanati haina chumba cha upasuaji.

Wengine mmetuuliza mbona hatuna ile mashine kubwa inayochora mapigo kwenye karatasi mfululizo. Ni swali zuri. Mashine hiyo imepimwa katika tafiti nyingi, zenye jumla ya wanawake zaidi ya 37,000, zikiwemo za Dublin, Ayalandi, zilizotolewa mwaka 1985. Ikilinganishwa na mkunga anayesikiliza kwa vipindi, ilipunguza kwa nusu hivi watoto wenye degedege baada ya kuzaliwa, lakini haikuonyesha kupunguza vifo vya watoto, na akina mama waliopasuliwa wakawa wengi zaidi. Kwa mama asiye na matatizo, basi, sikio la mkunga anayehesabu kwa wakati bado lina thamani yake.

Na hapa nyumbani Tanzania kuna la kujivunia. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, na kwingineko, kilijaribiwa kifaa cha kufunga tumboni chenye jina la Kiswahili, Moyo, nacho kiligundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi. Baadaye vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza vikaunganisha vifaa vya kusikilizia, vifaa vya kumpumulisha mtoto, na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa wakunga. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40 hivi. Tuliposoma habari ile tulishikana mikono. Kifaa peke yake hakitoshi; yanatakiwa mazoezi, na wanaochukua hatua mara tu baada ya kusikia.

Yaliyo mikononi mwa mama na ndugu

Kwanza, njoo mapema. Mtoto ambaye moyo wake haukusikilizwa nyumbani usiku kucha, hatuna la kulinganisha tunapomsikia asubuhi.

Pili, dawa za mizizi za kuharakisha uchungu tunawaomba sana mziache. Tunajua bibi zetu walizitumia, na hatuwadharau. Lakini hakuna ajuaye kipimo chake, na uchungu ukishachochewa hauna bomba la kufunga kama dripu. Ni kumtoa mtoto akiba yake yote kwa pigo moja. Kama umekwisha kunywa, tuambie. Hatutakugombeza. Tutakusikiliza mara nyingi zaidi.

Tatu, kunywa maji, tembea ukiweza, na usilale chali.

Nne, mtoto akipunguza kucheza, hata kabla ya uchungu, usingoje kesho.

Tano, tuulizeni. Tukimaliza kuhesabu, uliza: ngapi? Yameshuka lini? Na mkiona nusu saa imepita hatujaja, tuiteni. Tunakiri mbele yenu kwamba kuna usiku mkunga ni mmoja na akina mama ni wanne, na nusu saa hupita. Sauti ya ndugu aliyekaa kitandani hutukumbusha. Msione haya kutuita, nasi hatutaona mmetukosea adabu.

Ombi letu kwa kikundi

Ndugu Mwenyekiti, sasa tunafika kwenye sanduku. Siku hizi upo mpango wa m-mama, ambapo mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Tunaushukuru sana, na namba hiyo kila mtu aikariri leo kabla ya kuondoka. Hata hivyo usafiri si gari la rufaa tu. Kuna bodaboda ya kumleta mama zahanati usiku, kuna nauli ya ndugu wa kumfuata, kuna chakula cha huko na nguo za mtoto. Mambo hayo ndiyo yanayofanya watu waseme tungoje kupambazuke.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mwanachama mjamzito akifikisha mwezi wa saba, mfuko wa jamii umpe fedha ya safari, ikae katika simu yake au ya mtu anayemwamini, nje ya sanduku. Asipoitumia, airudishe bila riba. Pili, kila mjamzito ataje mapema mtu mmoja atakayeamua naye, ili wakati wa rufaa tusiitishe kikao cha ukoo. Tatu, katika kila mkutano wa mwezi tupewe dakika kumi za kugonga meza kama leo, mpaka kila mmoja wetu, na mama mkwe, na baba watoto, wajue 140 inasikikaje na 90 inasikikaje.

Sisi nasi tunajifunga. Kila tukihesabu tutaitaja namba kwa sauti, mama na ndugu yake wasikie. Tukisema rufaa, tutaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa dakika moja, bila kufoka. Mkituona tumesahau ahadi hii, mtutoze faini kama anayechelewa mkutano.

Kuna watakaosema kufuli tatu ndizo zilizotufikisha miaka kumi. Ni kweli, na hatusemi ziondolewe. Zinalinda fedha zetu vizuri kabisa. Tunasema tu kwamba mtoto hana uwezo wa kungoja funguo tatu, na fedha ndogo ya safari ikae mahali ambapo mkono mmoja unaifikia usiku.

Hoja hii itawasilishwa rasmi kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao, ili iingie katika katiba ya kikundi. Hatutaiwasilisha sisi. Mwenzetu wa usiku ule ameomba asimame yeye. Tena ametuambia kwamba atakayemuunga mkono wa kwanza ni mama mkwe wake.

Tunawatakia miaka kumi mingine yenye baraka. Kidumu kikundi chetu.